Kaske ya Pikipiki: Namna ya Kuichagua na Kuivaa

Zamani watu wa Mambasa walisafiri kwa miguu au kwa kinga. Leo pikipiki ndiyo inayotubeba. Inaleta mgonjwa kutoka Lolwa, inaleta kakao kutoka Biakato, inapeleka mwalimu Epulu na mchuuzi Komanda. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hufika hospitalini juu ya pikipiki, na maiti hurudishwa kwao juu ya pikipiki. Hatuwezi kusema kwamba ni kitu kibaya. Bila hiyo wengi wangalikufa njiani.

Lakini kila muuguzi anayekaa zamu ya usiku anajua upande wake wa pili. Na wewe unayesoma haya kitandani, mguu wako ukiwa katika plasta, unajua pia. Basi sikiliza. Mguu wako utapona. Mfupa ukinyoshwa vizuri na kushikwa, unaungana wenyewe baada ya muda. Ubongo hauko hivyo. Ubongo ukipondeka, hakuna plasta ya kuufunga, wala dawa ya kuurudisha kama ulivyokuwa. Ndiyo sababu somo hili si juu ya miguu. Ni juu ya kichwa, na juu ya kofia ngumu ya kukilinda, ile tunayoiita kaske.

Ndani ya kichwa

Fuvu ni mfupa mgumu, na ndani yake umo ubongo, laini kama avoka iliyoiva. Mtu akianguka kutoka pikipiki, yako mapigo mawili. La kwanza kila mtu analiona: kichwa kinapiga barabara. La pili halionekani. Fuvu limekwisha kusimama, lakini ubongo bado unakwenda, nao unapiga ukuta wa fuvu kutoka ndani. Jaza ndoo maji, uibebe mbio, kisha usimame ghafula. Wewe umesimama, lakini maji yanaruka mbele na kumwagika. Hivyo ndivyo ilivyo kichwani, ila ubongo hauna mahali pa kumwagikia.

Mishipa ya damu ikipasuka huko ndani, damu nayo haina njia. Mguuni damu ikikusanyika, ngozi huvimba, unaona, unakuja hospitalini. Fuvu halivimbi. Damu inakandamiza ubongo kimyakimya.

Hapa wengi wanadanganyika. Kijana ameanguka, amezimia kidogo, kisha ameamka. Anapangusa vumbi, anacheka na wenzake, anasema, "Si kitu." Anarudi nyumbani, anakula, analala. Baada ya saa chache kichwa kinamwuma sana, anatapika, usingizi unakuwa mzito, na jamaa wanafikiri kwamba amechoka. Asubuhi hawawezi kumwamsha. Damu ilikuwa ikikusanyika usiku kucha. Mtu wa namna hii akifikishwa mapema kwa munganga anayejua kufungua fuvu, anaweza kupona kabisa. Lakini hospitali nyingi za msituni hazina chombo cha kupiga picha ya ndani ya kichwa, wala munganga wa kazi hiyo, na wakati wa mvua barabara ya kumfikia ni safari ndefu ya matope. Kwa hiyo sisi watu wa Mambasa tuna haja ya kaske kuliko watu wa miji mikubwa. Wao wakianguka, munganga yuko karibu.

Je, ni kweli kwamba kaske inasaidia?

Ni kweli, na habari yake ni hii. Mwaka 1935 huko Uingereza, mtu mwenye sifa kubwa aliyekuwa askari, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki yake alipokuwa akiwaepuka vijana wawili wenye baiskeli. Hakuwa na kaske. Alilala siku 6 bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei. Mmoja wa waganga walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, munganga wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Baada ya miaka michache Vita Kuu ya pili ilianza, na Cairns akafanya hesabu. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa Uingereza kwa ajali za barabara. Hawakuuawa na risasi. Waliuawa na barabara. Akaona tena kwamba wale wachache walioanguka wakiwa na kaske waliumia kichwani kidogo tu. Alichapisha maneno hayo mwaka 1941, na mwezi wa Novemba mwaka uleule jeshi likaamuru kila askari wa pikipiki avae kaske. Raia wa Uingereza hawakulazimishwa na sheria mpaka mwaka 1973. Tunaeleza hili ili mtu asifikiri kwamba Wazungu walizaliwa na kaske kichwani. Walibishana nayo zaidi ya miaka 30, kwa maneno yaleyale tunayoyasikia hapa: joto, bei, uzito.

Tangu siku zile uchunguzi umefanywa katika nchi nyingi. Mwaka 2008 wataalamu waliukusanya pamoja na kuona hivi: kaske inapunguza hatari ya kuumia kichwani kwa sehemu 69 katika 100, na hatari ya kufa kwa sehemu 42 katika 100. Haiondoi hatari yote. Ukigongana na lori la mbao kwa mwendo mkali, kaske haitakutetea. Lakini ajali nyingi si za namna ile. Ni shimo, ni matope, ni mbuzi, ni kuteleza juu ya daraja la miti. Na hapo ndipo kaske inapofanya kazi yake.

Wengine husema, "Siku yangu ya kufa ikifika, imefika, kaske au bila kaske." Mtu huyohuyo anachemsha maji ya kunywa, analala ndani ya chandarua, na usiku anafunga mlango wake kwa kufuli. Tunamwomba akitendee kichwa chake kama anavyoutendea mlango.

Kaske ina nini ndani yake

Watu wengi wanadhani kwamba ule ugumu wa nje ndio unaolinda. Sivyo. Ganda la nje lina kazi yake: linazuia jiwe lisitoboe, na linatawanya pigo ili lisiangukie mahali pamoja. Lakini kazi kubwa inafanywa na kitu kilichofichwa chini ya kitambaa. Ni frigoliti, ile nyeupe na nyepesi inayowekwa ndani ya katoni ya televisheni isivunjike. Chukua kipande cha frigoliti ukikandamize kwa kidole gumba. Kinabonyea, na hakirudi. Basi ndivyo inavyokuokoa. Kichwa kinapopiga, frigoliti inapondeka badala ya ubongo, na kichwa kinasimama polepole, si ghafula. Ukitaka kuwaonyesha watoto, angusha yai juu ya jiwe, kisha lingine juu ya blanketi iliyokunjwa mara nyingi. (Ama afadhali kuwaeleza tu, mayai yana bei.)

Kutoka hapo fahamu mambo mawili. Kaske isiyo na frigoliti si kaske; ni bakuli. Na kaske iliyokwisha kupiga chini mara moja katika ajali imekwisha kutumika. Hata kama nje inang'aa, ndani frigoliti imepondeka, nayo haitapondeka mara ya pili.

Kila kazi ina kofia yake

Tunaona wamotari wengine wamevaa kofia ya plastiki ya wajenzi, ama ile wanayoivaa wachimbaji wa dhahabu. Kofia ile ni nzuri mahali pake. Imefanywa kwa ajili ya jiwe au ubao unaoanguka kutoka juu. Ukianguka kutoka pikipiki, inaruka kichwani kabla hujafika chini. Mtengenezaji wa kofia huuliza kwanza: pigo litatoka wapi? Uko mchezo wa mpira unaoitwa besiboli, ambao vijana wa Uganda wanaucheza, hata mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ilifika Marekani kushindania kombe la dunia la watoto. Mwamuzi wa mchezo ule husimama nyuma ya yule anayeudaka mpira, nao unamjia moja kwa moja usoni. Kwa hiyo anavaa wavu wa chuma mbele ya uso. Umfanye mwamuzi huyo avae kofia ya mchimbaji, na meno yake yatakwisha siku moja. Mwenye pikipiki anaweza kupigwa kutoka kila upande: mbele, kando, nyuma, na kidevuni. Kofia yake lazima ifuate hatari yake.

Ziko za namna tatu sokoni. Ile inayofunika uso wote mpaka kidevu ndiyo bora, kwa maana mara nyingi mdomo na kidevu hupiga chini, na taya iliyovunjika ni taabu kubwa. Ile inayofunika kichwa na masikio na kuacha uso wazi ni ya pili. Ile ndogo inayokaa juu ya utosi kama nusu ya kibuyu, usiinunue. Haifuniki nyuma wala kando. Ukisema kwamba ile ya uso wote ina joto usiloliweza, sawa, chukua ya pili. Kaske ya pili iliyo kichwani inapita ya kwanza iliyobaki nyumbani.

Sokoni

Usiangalie rangi kwanza, wala mapambo. Fanya hivi, na mwuzaji asikuharakishe.

Ipime uzito. Nenda kwa mwuza maharagwe mwenye mizani ya haki. Kaske nzuri ina uzito wa karibu kilo 1 na nusu. Ukiona haifiki hata nusu ya kilo, irudishe. Kisha tia vidole ndani, chini ya kitambaa, utafute frigoliti. Iwe ngumu, iwe imejaza pande zote, mbele na nyuma na kando, na unene wake ufike sentimeta 2 na nusu hivi. Ukiona sponji laini tu kama ya godoro, au plastiki tupu, mwambie mwuzaji asante, uende zako. Kaske nyingi za bei ndogo ni za namna hii. Zilifanywa kwa ajili ya barieri ya polisi wa rulaje, si kwa ajili ya kuanguka.

Tazama mkanda wa kidevu. Uwe mpana, umeshikwa na misumari ya chuma iliyofungwa sana katika ganda. Uvute kwa nguvu zako zote mbele ya mwuzaji. Ukikatika, umekatika dukani kwake, si barabarani.

Tafuta alama. Umoja wa Mataifa uliweka kanuni ya kaske, namba 22, iliyoanza mwaka 1972. Kaske iliyojaribiwa kwa kanuni hiyo ina kitambaa kidogo kilichoshonwa, mara nyingi juu ya mkanda, chenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa ruhusa: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi. Katika majaribio hayo wanaiangusha juu ya chuma kwa mwendo wa meta 7 na nusu kwa sekunde, kama kitu kilichoanguka kutoka juu karibu meta 3. Zile za Marekani zina maandishi DOT nyuma. Lakini fahamu kwamba karatasi ya kubandika hutengenezwa na kila mwongo mwenye mashine. Alama nzuri juu ya kaske nyepesi isiyo na frigoliti ni uongo. Amini vidole vyako kwanza, alama baadaye.

Usinunue iliyokwisha kutumika na mtu usiyemjua. Haitasimulia ilianguka mara ngapi.

Na bei? Ndiyo, kaske ya kweli ina bei. Lakini tunaona kijana ananunua simu ya bei kubwa, na siku ileile anainunulia kava isipasuke ikianguka. Hatusemi zaidi.

Iwe sawa na kichwa chako

Hapa ndipo watu wengi wanapokosa, hata wale walionunua vizuri. Kaske iliyo pana inazunguka, inafunika macho, na katika ajali inatoka. Basi azima meta ya fundi wa nguo. Ipitishe juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na mahali kichwa kinapotokeza zaidi kwa nyuma. Pima mara mbili, chukua hesabu iliyo kubwa. Kwa kawaida sentimeta 55 na 56 ni S, 57 na 58 ni M, 59 na 60 ni L, 61 na 62 ni XL. Watengenezaji hawalingani sana, kwa hiyo hesabu inakuonyesha pa kuanzia tu. Kichwa chenyewe kitaamua.

Shika mikanda miwili, uivute pande zote mbili, uingize kichwa. Kuingia kuwe na taabu kidogo. Ikiingia kama sufuria juu ya figa, ni kubwa. Kaske ikae sawa, si kulala nyuma. Ukingo wake uwe juu kidogo ya nyusi. Mashavu yasukumwe kidogo, kama ya mtu anayetafuna. Sasa jaribu kuingiza kidole kati ya kipaji cha uso na kitambaa cha ndani. Kisiingie. Shika kaske kwa mikono miwili, uisukume kushoto na kuume, juu na chini. Ngozi ya uso ifuatane nayo. Ngozi ikibaki na kaske ikaenda, chukua iliyo ndogo zaidi.

Funga mkanda. Kati yake na koo ipite nafasi ya kidole kimoja, viwili kwa shida. Kama una pete mbili za chuma, pitisha mkanda ndani ya pete zote mbili, kisha uurudishe ndani ya moja tu, uvute. Wengi wanaupitisha na kuuacha hapo, nao haushiki kitu. Mkanda ukiisha kufungwa, inamisha kichwa, na rafiki ashike kaske kwa nyuma chini, aivute juu na mbele, kama anataka kuivua. Ikitoka, isingekaa kichwani katika ajali pia. Jaribio hili ni la lazima, hata kama mwuzaji anakasirika.

Mwisho ukae nayo robo saa, ukizungumza habari za soko. Ikibonyeza mahali pamoja mpaka pauma, au ikiacha alama nyekundu kipajini, haifai, utaichukia na kuiacha. Kubana pande zote kidogo si kitu. Baada ya siku kadhaa sponji ya mashavu inalegea yenyewe.

Mama mwenye misuko minene apime akiwa na misuko yake, kwa maana kaske iliyo sawa juu ya misuko itakuwa pana siku atakapoifumua. Afadhali nywele zisukwe chini chini kabla ya safari. Kitambaa chepesi cha kichwa si kitu, lakini kilemba kikubwa chenye fundo kinainua kaske, nayo haikai.

Kioo cha uso kiwe cheupe ukiendesha usiku. Kilichokwaruzwa sana na vumbi la barabara kibadilishwe, kwa sababu taa za lori zikikipiga huoni kitu.

Abiria naye ana kichwa

Kule Kigali, katika Rwanda, kila motari anabeba kaske mbili, yake na ya abiria, na mtu hapandi bila kuvaa. Hapa kwetu motari mwenye kaske mwenyewe amemchukua mama, na mama hana kitu. Wakianguka, wanaanguka pamoja, juu ya barabara moja. Tunawaomba wamotari wa Mambasa wanunue ya pili. Na wewe abiria, uulize kabla ya kupanda. Wamotari kumi wakiulizwa kila siku, wataleta.

Wengi wanakataa kaske ya abiria kwa sababu ya jasho la watu. Hawana kosa. Chawa wanaweza kuhamia humo, na mapunye pia, vile viraka vya mviringo vinavyokula nywele za watoto. Tena sisi tuliona Ebola ikifika Mandima na Mambasa kati ya mwaka 2018 na 2020, na tulifundishwa kuogopa maji ya mwili wa mgonjwa. Lakini dawa ya jambo hili si kuacha kichwa wazi. Tembea na kitambaa chako chepesi cha pamba, ukivae chini ya kaske, ukifue nyumbani. Motari naye aioshe kila siku kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Siku za ugonjwa wa kuambukiza ukitangazwa, fuata maagizo ya watu wa afya wa siku zile.

Mtoto anataka kaske ya mtoto. Kaske ya baba juu ya kichwa cha mtoto ni mzigo unaovuta shingo, nayo inatoka. Na mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni kwa kikwembe? Kwa kweli hakuna kaske inayofaa shingo yake. Shauri letu ni asipandishwe isipokuwa kwa haja ya kweli, kama kumleta hospitalini, na motari aende polepole. Usimkalishe mtoto mbele juu ya tangi. Motari akifunga breki, mtoto ndiye anayetangulia.

Ajali ikitokea

Mtu ameanguka na kaske iko kichwani. Watu wanakimbia, na wa kwanza anataka kuivua ili apate hewa. Mzuieni! Pengine shingo imevunjika, na kuvuta kaske kunaweza kumlemaza mikono na miguu milele. Fungua kioo cha uso. Mwambie asigeuze kichwa. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike kwa mikono miwili kisitikisike. Kama anapumua, mwache na kaske yake mpaka aje anayejua.

Kama hapumui, ama anatapika ndani ya kaske na kukabwa, hapo ivueni, lakini mwe wawili. Mmoja anatia mikono kutoka chini, mmoja taya na mmoja kisogo, anashika shingo imara. Wa pili anafungua au anakata mkanda, anavuta pande za kaske ziachane, na anaitoa polepole. Anayeshika shingo haachi mpaka mwisho.

Usimkalishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kichwa kikining'inia. Tafuta gari, ama tipoyi, ama mlango wa nyumba. Vikwembe viwili vilivyoviringishwa viwekwe pande mbili za kichwa. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima pamoja, kama gogo, shingo ikifuata kifua.

Na yule aliyesimama akasema "Si kitu"? Asilale peke yake. Mtu akae naye siku nzima na usiku kucha, na usiku amwamshe mara kwa mara amwulize jina lake. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika zaidi ya mara moja, akisema maneno yasiyo na maana, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, maji au damu ikitoka sikioni au puani, mkono mmoja ukilegea, akipata kifafa, au akiwa mgumu kuamshwa, mleteni mara moja, hata saa nane ya usiku. Msimpe pombe wala dawa ya usingizi. Msimpe aspirini, kwa sababu inazidisha kutoka kwa damu.

Kuitunza

Ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida. Usitumie esansi kuondoa matope. Esansi inayeyusha frigoliti na kudhoofisha plastiki ya nje, na wewe huoni kitu. Kwa sababu hiyohiyo usiiweke karibu na chupa za esansi wala usiipake rangi ya nyumba. Iache ikauke kivulini, si juani kutwa nzima. Usiifanye kiti. Usiininginize kwenye usukani ikigongagonga njia yote, wala usiivae kiwikoni kwa kungoja barieri.

Hata isipoanguka, watengenezaji wengi wanashauri ibadilishwe baada ya miaka 5 hivi, kwa maana jasho, jua na vumbi vinaichosha. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi imeandikwa ndani, chini ya kitambaa. Na ile iliyopiga chini katika ajali, au yenye ufa, usimpe mdogo wako wala usiiuze. Kata mkanda wake kwa kisu kabla ya kuitupa. Ukiitupa nzima, mtu ataiokota, ataisugua, na juma lijalo utaiona sokoni ikingojea mnunuzi.